Anayecheza Mbele ya Watoto
Mhadhara kwa walimu na wazazi wa Rusinga

Nitasema mbele yenu juu ya kazi ambayo watu wazima wengi huipita bila ya kuitupia jicho, nayo ni kazi ya mtu mzima anayeutoa umri wake kuwachezea watoto, leo mbele ya kamera ya televisheni na kesho juu ya jukwaa la mbao. Wageni hukijua kisiwa hiki cha Rusinga kwa fuvu la kale lililofukuliwa na Mary Leakey mwaka 1948 na kwa kaburi la Tom Mboya, na sifa hizo mbili ni za haki. Mimi nimekuja na dai langu, na nitalisema mapema ili msiwe na shaka juu ya ninakokwenda: mchezaji wa watoto ni mlezi kamili, wa safu moja na mwalimu na nyanya, na jamii inayomtumia kama mlezi ilhali inamlipa kama kibarua inamdhulumu yeye na inawadhulumu watoto wake yenyewe.

Nitaanza mbali, kwa kuwa huko mbali kumbukumbu za kazi hii zimetunzwa vizuri. Mwaka 1964 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa likijiandaa kuanzisha kipindi cha watoto wadogo kilichoitwa Play School, na mwigizaji mmoja kijana, Brian Cant, mzaliwa wa Ipswich ambaye kabla ya kuingia katika uigizaji alikuwa amejifunza kazi ya uchapaji, alikwenda kujaribiwa. Joy Whitby, mwanamke aliyekibuni kipindi hicho, hakumpa karatasi ya maneno ya kusoma wala hakumwuliza shahada zake. Alimwonyesha boksi la karatasi ngumu lililokuwa sakafuni, akamwambia aingie ndani yake apige makasia mpaka baharini. Cant aliingia. Akavuta makasia yasiyokuwapo, akafika kilindini, akatupa mshipi, akavua buti la mvua lililojaa kastadi, na kazi akaipata siku hiyo, akadumu nayo miaka 21.

Nawaomba ninyi, watu wa mtumbwi na mashua, ninyi ambao usiku mnaliwasha ziwa zima kwa taa za kuvulia omena, mlipime jambo hili kwa ujuzi wenu, vizuri zaidi kuliko mimi ninavyoweza kulipima. Mtu anayepiga kasia ndani ya boksi hana maji ya kumsaidia. Uzito wa maji lazima autoe katika mgongo wake mwenyewe. Lazima ajue ni wapi kafi huingia, ni wapi huburuta, ni wapi huinuka likichuruzika. Lazima mwili wake uyumbe chombo kinapoyumba, na jicho lake liitazame pwani inavyorudi nyuma. Akikosea, mtu mzima mwenye adabu atamsamehe, lakini mtoto wa Rusinga mwenye miaka mitano, aliyekwisha kukaa katika mtumbwi wa babaye, atajua papo hapo kwamba huyu hajapata kushika kafi, na hatamwamini tena katika neno jingine lolote atakalomwambia. Ndiyo maana nasema kumchezea mtoto ni kugumu kuliko kumchezea mtu mzima. Mtu mzima ameingia ukumbini akiwa ameafikiana na uongo wa mchezo. Mtoto hakuafikiana na lolote, naye hutaka kila kitu kiwe kweli, hata kile ambacho anajua wazi kwamba si kweli.

Kipindi cha Play School kilizaliwa kwa shida. Chaneli mpya ya BBC ilikuwa ifunguliwe kwa shamrashamra usiku wa tarehe 20 Aprili 1964, umeme ukakatika katika sehemu kubwa ya London, na kwa hivyo asubuhi ya pili yake kipindi cha watoto kikawa ndicho kilichotangulia mbele ya vipindi vyote vya wakubwa. Kilikuwa na vitu vichache: madirisha matatu ya maumbo mbalimbali, saa, vinyago vya kuchezea, na watangazaji wawili. Walitazama moja kwa moja ndani ya jicho la kamera na kusema kama mtu asemaye na mtoto mmoja aliyeketi mbele yake, si na umati. Wakauliza swali, wakanyamaza kwa muda wa mtoto kujibu, kisha wakaendelea kana kwamba wamesikia jibu. Kunyamaza huko ni elimu kubwa. Aghalabu watangazaji wetu wa siku hizi huogopa kimya, wakakijaza kelele na muziki, hata mtoto asipate pahali pa kuweka neno lake.

Cant aliendelea hivyo mpaka mwaka 1985, na pamoja na hayo aliitoa sauti yake kwa vikaragosi vya Camberwick Green mwaka 1966, vya Trumpton mwaka 1967 na vya Chigley mwaka 1969, kisha akaongoza kipindi cha nyimbo na vichekesho kilichoitwa Play Away kuanzia mwaka 1971. Lakini fedha za televisheni ya watoto hazikuwa nyingi, na mara nyingi, Krismasi ilipokaribia, alikwenda pamoja na wenzake wengi wa fani ile katika kumbi za miji kucheza pantomimu.

Yafaa niieleze pantomimu, kwa kuwa wengi wetu hatukupata kuiona, ingawa walowezi waliileta Nairobi na Mombasa katika vilabu vyao vya michezo zamani za ukoloni. Ni mchezo wa Krismasi wa Waingereza uliojengwa juu ya hadithi za watoto, kama ile ya Cinderella au ya Aladdin, wenye nyimbo, mavazi ya rangi kali, kuanguka na kuinuka, mwanamume aliyevaa gauni akacheza bibi kizee, na msichana aliyevaa suruali akacheza kijana shujaa. Watoto hawakai kimya. Desturi yenyewe inawataka wapige kelele. Adui akinyemelea nyuma ya mwema, ukumbi mzima hulia kwa sauti moja kumwonya, naye mwema hujifanya hasikii, akageuka upande usiofaa, mpaka watoto wakasimama juu ya viti. Mchezaji hufanya hivi mara mbili kwa siku, wiki baada ya wiki, katika baridi ya Desemba na Januari, na mtoto wa onyesho la mwisho anastahili kupata nguvu ile ile aliyoipata mtoto wa onyesho la kwanza.

Gharama ya mwili si jambo la kupuuzwa. Mkubwa wa wachekeshaji wa pantomimu, Joseph Grimaldi, aliyezaliwa London mwaka 1778 na kuanza kucheza angali mtoto mdogo, aliyevuta miji mizima kuja kumwona katika Mother Goose mwaka 1806, aliuchakaza mwili wake kwa kuruka na kujibwaga jukwaani hata, alipowaaga watazamaji wake mwaka 1828, miguu haikuweza kumbeba, ikambidi acheze akiwa ameketi. Alikuwa hajatimiza miaka 50. Kicheko cha watoto wa London kilikuwa kimelipiwa kwa magoti yake.

Sasa nirudi nyumbani, ambako kazi hii ilikuwako kabla ya kamera na kabla ya Grimaldi. Katika boma la Wajaluo, na katika boma la Wasuba waliokwisha kuchanganyika nao, palikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo watoto walilala na kusikia sigana, yaani hadithi. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wamelieleza jambo ambalo naliona kuwa na maana kubwa kwetu leo: yule mlezi wa siwindhe, pim, mara nyingi hakuwa wa damu ya watoto aliowalea. Alitoka mbali, akaingia katika boma akiwa mgeni, akakabidhiwa watoto wa watu, naye akawapa lugha, adabu, siri za mwili na mipaka ya ulimwengu. Jamii ilijua kwamba mgeni aweza kulea, maadamu amepewa nafasi, chakula na heshima. Wala pim hakusimulia kwa ulimi peke yake. Alitembea kama fisi, akajikunja kama kobe, akabadili sauti kwa kila mnyama, akawatega watoto waitikie, na mtoto asiyeitikia alijulikana kuwa amelala. Wasanii wa kikundi cha Zamaleo, akina Obyerodhyambo na Aghan Odero, walipoitoa sigana katika giza la nyumba na kuiweka juu ya jukwaa la Nairobi, walidhihirisha kwamba sanaa hii ina nguvu za kutosha kusimama katika mwanga wa taa za umeme.

Televisheni ilipoingia Kenya mwaka 1962, na Uganda mwaka uliofuata, ilimkuta pim amekwisha kupoteza nyumba yake kwa sababu ya shule, mishahara ya mijini na ndoa za mbali. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi miaka 20 kabla ya hapo. Na katika kungoja huko Watanzania waliyakuza malezi ya hewani kwa redio. Watu wazima wengi wa nchi ile, ukiwatajia kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, watakutajia mara moja jina la Deborah Mwenda, na nyuso zao zitabadilika. Mwanamke huyo hawakumwona. Walimsikia tu akisimulia, nao wakamhesabu katika jamaa zao.

Kwetu Kenya, mtu aliyeingia katika nyumba zote akahesabiwa kuwa jamaa alikuwa mwigizaji Benson Wanjau. Nataka kukaa kwake kidogo, kwa sababu ana haki maalumu katika mkutano huu wa Nyanza. Alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, lakini katika vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani aliingia akiwa Mzee Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo, naye alikisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ukamilifu hata Wakenya wengi, na Wajaluo miongoni mwao, waliishi miaka mingi wakiamini kwamba ni mtu wa huku ziwani. Mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, ambaye ndiye Mary Khavere, alikuwa kila mara amekwisha kuitambua hila yake kabla hajaimaliza. Vipindi hivyo havikutungwa kwa ajili ya watoto. Lakini watoto ndio waliovifuata kwa uaminifu mkubwa, wakajazana katika nyumba ya jirani mwenye televisheni, wakaketi sakafuni, na asubuhi yake wakamwigiza Ojwang' njiani kwenda shule.

Yako maoni kwamba kuigiza lafudhi ya kabila jingine ni kulidharau kabila hilo, na mara nyingi ni kweli. Kwa Wanjau haikuwa kweli, nami nitatoa sababu. Anayedharau huchukua makosa ya lafudhi akaacha mtu; Wanjau alimchukua mtu mzima mzima, pamoja na majivuno yake, ujanja wake, hofu yake ya mkewe na ukarimu wake, hata lafudhi ikawa nguo tu iliyomkaa vizuri. Alikuwa pim wa taifa: mgeni aliyeingia katika boma la watu wengine, akawalea watoto wa makabila yote kucheka pamoja katika nchi ambayo wanasiasa wake walikuwa wakiwafundisha kuogopana. Sijui waziri gani wa elimu aliyewahi kufanya zaidi.

Naye alilipwaje? Alifanya kazi hiyo kwa miongo, na katika miaka yake ya uzeeni macho yalimfifia kwa maradhi, hata ikalazimu wananchi wachangishane fedha ili atibiwe. Walichanga kwa mapenzi, na mapenzi hayo ni sifa kwao. Lakini mtu aliyeifanyia nchi kazi ya kila wiki asingepaswa kungoja mchango ili aone. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na miaka 78, na taifa likamlilia kwa machozi ya kweli. Tanzania nayo ilimpoteza Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, tarehe 8 Agosti 2018, mtu ambaye watoto walianza kumcheka kabla hajafungua kinywa, na ambaye ugonjwa wake wa mwisho ulifumbua macho ya wakubwa kuhusu mikataba duni ambayo wasanii huitia saini bila ya kuielewa.

Hebu tulinganishe. Brian Cant aliugua maradhi ya kutetemeka kwa miaka mingi, naye alifariki tarehe 19 Juni 2017 akiwa na miaka 83, katika Denville Hall, nyumba iliyoanzishwa London katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kuwatunza waigizaji wazee. Miaka saba kabla ya hapo alikuwa amepewa tuzo maalumu ya heshima kwa ajili ya kazi yake ya watoto, angali hai, masikio yake yakisikia makofi. Uingereza si pepo ya wasanii, na wengi huko hufa maskini. Lakini katika jambo hili walifikiri mbele: walijua kwamba mwili unaoruka leo utakaa kesho, wakajenga nyumba kabla ya msiba.

Nimesikia wazazi wakisema kwamba siku hizi mtangazaji wa watoto hahitajiki tena, kwa kuwa katuni zimeshika nafasi yake. Siwezi kuzidharau katuni za kwetu. Tinga Tinga Tales zilichorwa Nairobi zikaonyeshwa duniani tangu mwaka 2010. Ubongo Kids imewafundisha hesabu watoto wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Na kituo cha Akili Kids! kilianza matangazo yake Kenya tarehe 31 Machi 2020, siku chache baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, wakati ambapo watoto walikihitaji sana. Hizi ni kazi njema, zilizofanywa na watu wenye bidii. Walakini mchoro hauwezi kumtazama mtoto. Uso wa mtu mzima aliye hai, unaochoka, unaokunja kipaji, unaokosea kufunga kamba ya kiatu na kujaribu tena, humfundisha mtoto jambo ambalo mchoro hauna: namna ya kuwa mtu.

Na uso huo uwe wa nani? Floella Benjamin, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1949 na kujiunga na Play School mwaka 1976, alitazama picha zilizotumiwa katika kipindi akaona kwamba watoto wote waliochorwa ni weupe, naye akataka wachorwe pia watoto wa rangi nyingine. Hakuomba kwa ajili yake mwenyewe, kwani yeye alikuwa amekwisha kupata kazi. Aliomba kwa ajili ya mtoto aliyeketi sebuleni akijitafuta katika kioo bila ya kujiona. Mwaka 2010 aliingizwa katika Baraza la Mabwana la bunge la Uingereza, na miongoni mwa watu wazima walioketi naye humo walikuwamo wale aliowachezea wakiwa wadogo.

Mtoto wa Rusinga anajitafuta katika kioo gani? Akiwasha televisheni husikia Kiingereza na Kiswahili, mara chache Kijaluo, na Kisuba, lugha ya mababu waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda, hakisikii kabisa. Ndugu zetu wa kisiwa cha Mfangano wamekiweka hewani kwa redio yao ya Ekialo Kiona, na kwa hilo wametushinda. Uso na sauti ya kumchezea mtoto huyu havikosekani. Katika shule zetu wamo vijana ambao kila mwaka hupanda katika tamasha la kitaifa la drama, lililoanza mwaka 1959, wakasimulia na kuigiza kwa ustadi, kisha cheti hutundikwa ukutani na kijana akaenda kuvua au kuendesha bodaboda. Wamo akina nyanya ambao sigana zao hazijaandikwa wala kurekodiwa. Mwishoni mwa mwaka lipo tamasha la kisiwa hiki lenyewe, lenye ngoma na mashindano ya mitumbwi. Kinachokosekana ni mtu mmoja kuajiriwa.

Natamka neno kuajiriwa kwa makusudi, kwa kuwa sheria inaliruhusu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola iziendeleze na kuzilinda lugha za wenyeji. Katika kifungu cha 11 inaitaka ikuze utamaduni katika fasihi, sanaa na vyombo vya habari. Na jedwali lake la nne limeziweka shughuli za utamaduni na elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kaunti ya Homa Bay inazo kazi hizo mbili, utamaduni na mtoto mdogo, na haihitaji idhini ya Nairobi ili kuziunganisha.

Kwa hivyo nawasihi, walimu na wazazi wa Rusinga, mkitoka hapa mwandike barua kwa wawakilishi wenu katika bunge la kaunti, mkiomba mambo matatu kwa pamoja: nafasi ya kudumu ya mchezaji wa watoto katika vituo vya chekechea vya kaunti, mwanamume au mwanamke, anayejua Kijaluo, Kiswahili na, akipatikana, Kisuba, vifaa vya kumrekodi ili kazi yake iwafikie watoto wa Mfangano, Gembe na Migori, na mkataba wa maandishi unaomlipa mshahara, unaomlipa tena kila rekodi yake inaporushwa, na unaomwekea akiba ya uzee na matibabu tangu mwezi wa kwanza. Msikubali kupewa la kwanza na la pili bila ya la tatu.